Kabla Fundi Hajaitwa

 

Leo tuzungumze habari ya kazi moja ya kompyuta isiyodai ujue kuandika programu. Inadai usome kwa makini, uulize kwa adabu, na uandike jambo kama lilivyotokea. Mshahara haina. Nalisema hilo mapema ili anayetaka kubadili stesheni abadili sasa, tusije tukalaumiana mwishoni. Kazi yenyewe ni kujitolea kuchambua taarifa za hitilafu kwenye programu huria.

Programu huria ni zile ambazo maandishi yake ya ndani yamewekwa wazi, na leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuyasoma, kuyarekebisha na kuwagawia wengine. Usidhani ni mambo ya mbali. Simu ya Android iliyo mfukoni mwako inaendeshwa juu ya kiini cha Linux, kilichoanzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds. Ukiingia steshenari ukakuta barua inachapwa kwa LibreOffice, hiyo nayo ni huria. Na Watanzania hatukuanza jana kuzigusa: mwishoni mwa mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili.

Lakini iliyo karibu nasi kuliko zote ni ile ambayo wengi wetu hatujawahi kuiona kwa macho. Mama mjamzito anapokwenda kliniki kwenye zahanati ya kijijini, muuguzi humwandika kwenye kitabu cha MTUHA, ule Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Mwezi ukiisha, mistari ya kitabu huhesabiwa, jumla zikajazwa kwenye fomu, na fomu ikapelekwa wilayani. Huko takwimu huingizwa kwenye programu iitwayo DHIS2. Inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, na chimbuko lake ni mtandao wa HISP uliozaliwa Afrika Kusini mwaka 1994. Hapa kwetu, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza na matoleo ya awali mwanzoni mwa miaka ya 2000, wilaya za Kibaha na Bagamoyo zikiwa miongoni mwa za kwanza, na kufikia mwaka 2013 DHIS2 ikasambazwa nchi nzima. Kenya walitutangulia mwaka 2011. Leo inatumika katika nchi zaidi ya 80, na maandishi yake ya ndani yako wazi kwa atakayetaka kuyaona.

Kwa nini hilo lituhusu sisi? Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,000 na ushee katika mkoa huu wa Katavi. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya 1,150,000. Tumezidi mara mbili ndani ya miaka kumi. Mkoa unaokua hivyo hauwezi kupangiwa chanjo, dawa na watumishi kwa kukisia. Unapangiwa kwa takwimu, na takwimu zinapita kwenye programu. Takwimu za zahanati fulani zikikwama njiani, ukurasa wa zahanati hiyo hubaki mtupu, na anayeutazama akiwa Dodoma hawezi kujua kama huko hakuna wagonjwa au hakuna mtandao.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Kila mradi mkubwa wa programu huria una daftari la wazi la hitilafu. Mozilla, wenye Firefox, walianza na la kwao mwaka 1998, linaitwa Bugzilla. LibreOffice nao wanatumia Bugzilla. DHIS2 wana lao kwenye Jira. Miradi mingine mingi imejaa kwenye tovuti ya GitHub. Mtu yeyote mwenye tatizo anajiandikisha, anaeleza shida yake, nayo inapewa namba. Hapo ndipo balaa linapoanzia, maana watu huandika wanavyojua.

Mmoja ataandika, "Haifanyi kazi." Basi, ametoka. Haifanyi kazi nini, wapi, tangu lini? Mwingine atamwaga matatizo manne ndani ya taarifa moja. Wa tatu ataleta jambo lililokwisha kurekebishwa zamani, kwa sababu simu yake haijasasishwa tangu ainunue. Wa nne analalamikia mtandao wa simu akidhani ni programu. Na wa tano, mwenye hoja ya kweli na nzito, kaiandika vizuri kabisa, lakini imefukiwa chini ya hao wanne.

Wakulima wa tumbaku wa Nsimbo na Mishamo hawahitaji maelezo marefu hapa. Tumbaku ikitoka kwenye bani, yaani banda la kukaushia, haipelekwi sokoni hivyo hivyo. Familia hukaa chini ikachambua jani kwa jani: la chini ya mche, la kati, la juu, rangi yake, ubora wake, ndipo marobota yafungwe. Robota la mchanganyiko humponza mkulima mbele ya mteuzi anayepanga madaraja. Daftari la hitilafu ambalo halijachambuliwa liko hivyo hivyo: mali imo ndani, lakini hakuna awezaye kuipa daraja.

Mchambuzi, basi, anapokea taarifa mpya na kuitazama kwanza kama imeshaandikwa na mwingine. Kama imeshaandikwa, anaziunganisha, na ile ya zamani inapata uzito zaidi. Kama ni mpya, anaijaribu mwenyewe aone kama jambo hilo linatokea na kwake. Likitokea, anathibitisha. Lisipotokea, anarudi kwa mwenye taarifa kumuuliza. Kwenye daftari la LibreOffice, taarifa iliyoingia tu huhesabiwa kuwa haijathibitishwa. Mtu mwingine akiiona kwa macho yake, inapanda ngazi. Ikikosa maelezo, inawekwa kwenye kundi la zinazosubiri majibu, na miezi ikipita mwenyewe asijibu, hufungwa. Mwisho mchambuzi anaweka lebo: hii ni hitilafu, hili ni ombi, hili ni swali. Kisha anapima uzito: inapoteza kazi ya mtu, au inaudhi tu?

Tuutazame mfano mmoja kwa karibu. Ni wa kubuni, na programu yake sitaipa jina, lakini aliyewahi kukaa kwenye ofisi ya takwimu ya wilaya atautambua. Ujumbe umeingia kutoka zahanati ya mbali inayojaza takwimu zake kwenye tableti: "Data zangu za mwezi wa tatu zimepotea." Hakuna zaidi. Kijana anayechambua anapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe wa mambo ya kompyuta?"

"Ndiye mimi. Pole na kazi. Nimeona ujumbe wako wa takwimu za Machi. Mara ya mwisho uliziona wapi?"

"Si hapa hapa kwenye tableti! Nilijaza zote Ijumaa, nikabonyeza, ikakubali."

"Ulipobonyeza, mtandao ulikuwepo?"

"Mtandao huku? Mtandao mpaka upande kichuguu kile cha nyuma ya shule."

"Sawa mama. Na kuanzia Ijumaa mpaka ulipoona hazipo, tableti aliishika mtu mwingine?"

"Mwenzangu wa zamu. Jumatatu alitoka kwenye jina langu akaingia kwa jina lake, ana fomu zake za chanjo."

Hapo, msikilizaji, kijana amepata alichokuwa akikitafuta. Mama hakusema uongo, wala hakukosea kutumia kifaa. Alijaza fomu bila mtandao, fomu ikahifadhiwa ndani ya tableti ikisubiri kutumwa, na kabla haijatumwa mtu wa pili akaingia kwa jina jingine. Kijana anachukua tableti ya majaribio, anazima mtandao, anajaza fomu ya uongo, anatoka, anaingia kwa jina la pili, anarudi kwenye la kwanza. Fomu haipo. Sasa anaandika:

"Toleo la programu ni hili, toleo la Android ni hili, aina ya tableti ni hii. Hatua: moja, zima mtandao. Mbili, jaza fomu na uihifadhi. Tatu, toka. Nne, ingia kwa jina la mtumiaji mwingine. Tano, rudi kwenye jina la kwanza. Kilichotarajiwa: fomu iwepo, ikisubiri kutumwa. Kilichotokea: fomu haipo, na hakuna onyo lililotolewa. Uzito: mkubwa, kwa sababu takwimu zinapotea na mtumiaji hajui."

Taarifa ya namna hiyo, fundi akiwa Oslo, Kampala au Dar es Salaam, anaweza kuianza asubuhi bila kumpigia mtu simu. Ile ya kwanza, "data zangu zimepotea", ingekaa daftarini mpaka ichakae.

Na angalia ni maswali gani yaliyoifungua. Lipo la mtandao, na lipo la mtu wa pili kuishika tableti. Fundi anayeishi mahali ambapo mtandao haukatiki, na kila mtumishi ana kifaa chake, hatayawaza hayo mawili. Si kwamba anatudharau, ila maisha yake hayajamfundisha. Kijana wa Katavi hakufundishwa na mtu. Anajua zamu za zahanati zinavyokwenda, anajua tableti moja hutumiwa na watu wawili watatu, anajua mvua za masika zikianza fomu ya Machi inaweza kuchelewa kufika wilayani. Fundi hodari kuliko wote duniani hana elimu hiyo. Kwa hiyo tunapomwita kijana wa huku kwenye uchambuzi wa hitilafu, tunamwita kwenye kazi ambayo yeye ndiye mtaalamu wake.

Kuna uchambuzi mwingine ambao ni mgumu zaidi, nao ni kutenganisha hitilafu na ombi. Mkoa wetu ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Baadaye halmashauri ya Mpimbwe ikatengwa na Mlele. Ndani ya mfumo kama DHIS2, vituo hupangwa kama matawi: nchi, mkoa, halmashauri, mpaka zahanati. Kituo kikihamishiwa tawi jipya, historia yake huhama nacho. Tuseme mtu akaandika kwa hasira: "Hitilafu! Takwimu za miaka ya nyuma zinasomeka chini ya halmashauri mpya wakati huo haikuwepo!" Ana haki ya kushangaa. Lakini programu imefanya kile ilichotengenezwa kufanya. Hapo mchambuzi anaiondoa kwenye kapu la hitilafu na kuiweka kwenye maombi: tunahitaji njia ya kumega eneo bila kuvuruga historia. Nchi nyingi humega mikoa na wilaya, kwa hiyo maombi ya aina hiyo hupata wenzake, na DHIS2 baadaye iliongezewa nyenzo za kugawa na kuunganisha maeneo. Ombi lililowekwa kwenye kapu sahihi hukutana na mengine ya jamii yake. Likibaki kwenye hitilafu, fundi ataandika "si hitilafu", atalifunga, na mwenye shida ataondoka na kinyongo.

Hapo tunagusa adabu. Kumwambia mtu kwamba alicholeta si hitilafu kunataka ulimi wenye mafuta. Anza kwa kumshukuru, mweleze programu inavyofanya na kwa nini, mwonyeshe ombi lake limehamia wapi. Usimwandikie kana kwamba amekupotezea muda. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Anayeripoti kwa mara ya kwanza ndiye ambaye macho yake hayajazoea, na mara nyingi huona kile ambacho wenyeji wamekwisha kukiruka.

Na sisi wenyewe tuna maradhi yetu, tuyaseme. Tuna maradhi ya kuzoea. Mfumo ukigoma ofisini, tunatafuta njia ya panya: tunazima tunawasha, tunarudi kwenye karatasi, tunamwachia yule mmoja "anayejua kuubembeleza". Kazi inakwenda, tunanyamaza. Mwaka wa pili mtumishi mpya anafundishwa ule ubembelezaji kama sehemu ya kazi. Kumbe kwenye lile daftari kule, kimya chetu kinasomeka kuwa huku mambo ni shwari. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mfumo uliofichiwa maradhi humuumbua mtumishi siku ya ukaguzi.

Sasa tahadhari mbili, nazo si za kuchezea. Ya kwanza ni siri za watu. Madaftari haya yako wazi kwa dunia nzima. Ukipiga picha ya skrini yenye jina la mgonjwa, namba yake ya simu au majibu ya vipimo vyake, ukaibandika humo, umemvua mtu nguo sokoni. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya ni katika zile zinazolindwa kwa uzito zaidi. Mchambuzi akikuta mwingine amebandika picha ya namna hiyo, kazi yake ya kwanza ni kuomba iondolewe mara moja. Maswali ya hitilafu yatafuata. Tahadhari ya pili ni upenyo wa usalama. Ukigundua njia ya kuingia kwenye mfumo bila nywila, usiiandike hadharani. Miradi makini ina mahali pa faragha pa kuripotia, na hupewa nafasi ya kuziba kabla watu wabaya hawajasoma.

Niwasimulie kisa kimoja cha kweli kinachoonyesha uzito wa jambo hili. Machi 2024, mhandisi mmoja wa Microsoft, Andres Freund, alikuwa akifanya majaribio ya kasi ya hifadhidata ya PostgreSQL. Akaona kwamba kuingia kwenye kompyuta kwa njia ya SSH kunachelewa kwa kama nusu sekunde. Wengi wangeipuuza. Yeye akaifuatilia, na tarehe 29 Machi akatangaza alichokikuta: mlango wa siri uliofichwa ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila mfumo wa Linux. Aliyeuweka alijiita Jia Tan, na alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kujijengea jina jema kwa kusaidia kazi.

Alipenyaje? Xz ilikuwa ikitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland, bila malipo. Alisema waziwazi kwamba afya yake ya akili inamtatiza na kwamba kazi hiyo anaifanya kwa kujitolea. Majina yasiyojulikana yalikuwa yakimsakama: unachelewa, watu wanasubiri, mkabidhi mwingine. Na huyo mwingine alikuwa pale pale, mpole, mchapakazi, tayari kusaidia. Mlinzi akachoka, akafungua mlango.

Kwa mchambuzi kisa hicho kina mafunzo mazito. Nusu sekunde isiyoelezeka inastahili kuandikwa. Mtunza programu aliye peke yake, akirushiwa malalamiko mchana na usiku, huchoka, na anayesimama kati yake na malalamiko hayo akayachuja analinda zaidi ya muda wa mtu mmoja. Na uaminifu hujengwa taratibu kwa sababu njema, kwa hiyo usikasirike usipokabidhiwa funguo siku ya kwanza. GitHub, tangu mwaka 2019, ina ngazi maalumu ya mchambuzi: unaweza kupanga taarifa, kuweka lebo, kufunga zilizokwisha, lakini maandishi ya programu yenyewe huwezi kuyagusa. Ni mpaka mzuri, unamlinda mwenye mradi na unakulinda na wewe.

Najua yuko kijana pale Makanyagio au Kawajense anauliza: "Sawa, lakini mimi nitapata nini?" Swali halali. Kujitolea nchi hii tunakujua. Tunao wahitimu wanaofundisha miaka bila mkataba, wakiambiwa ajira inakuja. Kwa hiyo sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Fedha hakuna. Tena kuna makampuni makubwa duniani yanayotengeneza fedha nyingi juu ya programu zinazotunzwa na watu wasiolipwa, na malalamiko juu ya hilo ni ya haki. Ndiyo sababu nakushauri uchague mradi ambao faida yake unaiona huku kwetu, ujiwekee kiasi cha muda, na usikivuke. Kama una shamba la kupalilia, palilia kwanza.

Unachopata ni hiki. Kila ulichoandika kinabaki hadharani kwa jina lako na tarehe yake, na mtu yeyote anaweza kukikagua, jambo lisilowezekana kwa cheti. Unajifunza kuandika kwa kueleweka, Kiingereza cha kazi kinanyooka, na unaujua mradi kwa ndani kabla hujagusa maandishi yake ya ndani. Ipo pia mipango inayolipa. Outreachy, iliyoanza mwaka 2010, humlipa anayechaguliwa dola 7,000 kwa kazi ya miezi mitatu, na mwombaji hutakiwa awe amechangia kwanza kwenye mradi anaouomba. Google nao wana mpango wao wa Summer of Code tangu mwaka 2005. Waombaji ni wengi na nafasi ni chache, sikuahidi kitu. Lakini anayefika akiwa tayari ameshachambua taarifa za mradi huo hafiki mikono mitupu.

Tukija kwenye vifaa: kusoma daftari la hitilafu ni kusoma maandishi, na maandishi hayali bando sana. Simu inatosha kuanza. Kinachokula bando ni kupakua matoleo mapya ya majaribio. LibreOffice peke yake ni mamia ya megabaiti. Basi mjipange kwa kundi: mmoja apakue penye mtandao wa kueleweka, wengine wachukue kwa fleshi. Vijana wa VETA hapa Mpanda, na wa Kampasi ya Mizengo Pinda ya SUA kule Mpimbwe, mnaweza kuanzisha kundi la namna hiyo bila kusubiri mgeni rasmi akate utepe.

Asiye na kompyuta kabisa anayo OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoanzishwa mwaka 2004. Tangu mwaka 2013 mtu yeyote anaweza kuacha dokezo juu ya ramani hiyo: hapa pana zahanati, daraja hili halipo, jina hili limekosewa. Madokezo hayo nayo yanahitaji mchambuzi anayejua mahali. Tanzania ina sehemu ngapi ziitwazo Majengo? Anayejua hii ni ya Mpanda na ile ni ya kwingine ni wewe. Na mkoa uliozidi mara mbili kwa miaka kumi hauwezi kuwa na ramani isiyo na makosa.

La mwisho ni lugha. Madaftari mengi ni ya Kiingereza, na mama wa zahanati hataandika Kiingereza baada ya zamu ya usiku. Malalamiko yake yataishia kwenye kundi la WhatsApp la wilaya, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kurekodi. Msikilize, muulize yale maswali, kisha uandike wewe kwa niaba yake kwenye daftari. Ukimaliza mrudishie majibu kwa lugha yake, hata kama jibu ni "bado". Mtu akijibiwa mara moja, ya pili ataripoti mwenyewe, na ataeleza vizuri zaidi.

Kazi ya nyumbani basi. Wiki hii chagua programu huria moja unayoitumia. Tafuta daftari lake la hitilafu, uchukue taarifa moja ya zamani ambayo haijajibiwa. Ijaribu kwenye simu au kompyuta yako. Kisha andika chini yake: toleo ulilotumia, ulichofanya, ulichokiona. Ukikuta hitilafu haipo tena, andika hivyo hivyo, maana kufunga iliyokwisha kufa ni kazi kamili. Na wewe mtumishi mwenye mfumo unaobembelezwa, andika huo ubembelezaji hatua kwa hatua, umpe kijana anayeanza. Hiyo ndiyo taarifa bora atakayoipata mwaka huu.